Ahadi ni deni: siku nne za damu mjini Paris, mwezi wa sita 1848

Mwaka wa 1848, katika mji mkuu wa Ufaransa, wafanyakazi waliokosa kazi walishika bunduki na kupigana na jeshi kwa siku nne, tangu Ijumaa tarehe 23 mpaka Jumatatu tarehe 26 mwezi wa sita. Maelfu ya watu walikufa. Kati yao alikuwamo askofu mkuu wa mji, aliyepigwa risasi alipokwenda kuziomba pande mbili ziache kuuana. Tena serikali iliyowapiga wafanyakazi hao haikuwa ya mfalme. Ilikuwa serikali ya Jamhuri, na Jamhuri hiyo ni wao wenyewe walioisimamisha kwa damu yao miezi minne tu mbele yake.

Wapendwa wasomaji, wengi wetu tulijifunza shuleni habari za mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Hizi za 1848 husikika kidogo. Lakini zinaonyesha wazi jambo ambalo kila jamii inapaswa kulijua: vita vile havikuanza siku ya risasi ya kwanza. Vilianza siku ahadi kubwa ilipotolewa bila mpango wa kuitimiza, vikaiva siku ahadi hiyo ilipoondolewa bila kuwasikiliza waliokuwa wakiishi kwa hiyo ahadi. Tufuate mambo hatua kwa hatua.

Njaa ya vijijini yageuka ukosefu wa kazi mjini

Wakati ule Paris ulikuwa mji wa watu kama milioni moja. Mfalme alikuwa Louis-Philippe, aliyeingia madarakani mwaka 1830. Haki ya kura ilikuwa ya matajiri: mwanaume alipaswa kulipa kodi ya faranga 200 kwa mwaka ndipo aandikwe kuwa mpiga kura. Katika nchi yenye watu milioni 35, wapiga kura hawakupita sana 240,000. Seremala, mshonaji, mwashi na mfua chuma walitawaliwa bila kuulizwa neno.

Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi katika nchi nyingi za Ulaya. Mwaka uliofuata mavuno ya ngano nayo yakawa mabaya, na bei ya mkate ikapanda sana. Familia ya mfanyakazi, ambayo hata katika wakati mzuri ilimaliza sehemu kubwa ya mshahara wake kwa mkate, haikubaki na kitu cha kununulia nguo au kiti. Hapo fundi wa nguo na fundi wa viti wakakosa wateja, mabwana wao wakafunga milango. Ndivyo mavuno mabaya ya shambani yalivyofika mpaka ndani ya karakana za mjini.

Tarehe 22 mwezi wa pili 1848 watu waliingia barabarani kudai mabadiliko. Usiku wa tarehe 23 askari walifyatua risasi katika umati, watu kama 50 wakaanguka. Tarehe 24 mfalme aliacha kiti na kukimbilia Uingereza. Serikali ya muda ikatangaza Jamhuri. Ndani yake walikuwamo mshairi Lamartine, mwanasayansi mzee Arago, mwandishi Louis Blanc aliyejulikana kwa kuwatetea wafanyakazi, na mfanyakazi mmoja aliyeitwa Albert.

Serikali hiyo ilifanya mambo ambayo hatuwezi kuyapita bila kuyataja. Iliwapa kura wanaume wote waliotimiza miaka 21, na hesabu ya wapiga kura ikapanda kufikia milioni 9 hivi. Tarehe 27 mwezi wa nne ilifuta utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Wafanyakazi wa Paris walikuwa na sababu ya kuamini kwamba mara hii serikali ni yao.

Neno lililoandikwa kwa haraka

Tarehe 25 mwezi wa pili, siku moja tu baada ya mfalme kukimbia, wafanyakazi wenye silaha waliingia katika Hôtel de Ville, yaani ofisi kuu ya mji, ambamo viongozi wapya walikuwa wakikutana. Walidai haki ya kazi. Siku hiyohiyo serikali iliandika na kutangaza kwamba inamhakikishia kila raia kazi. Kesho yake iliamuru zifunguliwe Ateliers nationaux, ambazo hapa tutaziita Atelie za Taifa, ili kila asiye na kazi aajiriwe na dola.

Neno moja lilisemwa sana siku zile: kwamba wafanyakazi wanaikopesha Jamhuri miezi mitatu ya taabu. Maana yake, tuko tayari kuvumilia, lakini fanyeni kazi yenu. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni. Huko Paris deni hilo lilikuwa na tarehe yake ya kulipwa.

Louis Blanc alikuwa ametaka kitu kingine: wafanyakazi wa fundi moja wawe na karakana yao wenyewe, wafanye kazi waliyoijua na kugawana faida. Lakini Atelie za Taifa ziliwekwa chini ya waziri wa kazi za umma, Marie, ambaye hakukubaliana na mawazo hayo. Alimweka kijana mmoja, injinia Émile Thomas, kuziongoza. Thomas aliwapanga watu mfano wa jeshi: kikundi cha watu 11 na kiongozi wao ndani, vikundi vitano na mkubwa wao vikawa brigedi ya watu 56, na kuendelea juu.

Kuwapanga watu hakukuwa vigumu. Kazi yenyewe ndiyo haikupatikana. Watu walitumwa kusawazisha udongo katika uwanja wa Champ de Mars, kupanda miti pembeni mwa barabara kubwa, kutengeneza njia. Mchonga madini ya dhahabu na mfinyanga saa walipewa koleo sawasawa na asiye na fundi. Siku ya kufanya kazi mtu alilipwa faranga 2. Siku isiyo na kazi alilipwa faranga moja, na siku hizo ndizo zilizokuwa nyingi. Fundi mzuri wa Paris alikuwa amezoea kupata faranga 3 au 4 kwa siku. Malipo hayo yalimzuia kufa njaa tu, na hayakumrudishia heshima ya kula kwa mikono yake.

Wakati huohuo hesabu ya watu ilizidi kupanda. Matajiri walikuwa wameogopa mapinduzi na kuficha feza zao, wengine wameuhama mji. Karakana zilifungwa moja baada ya nyingine, hata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Paris wakapoteza kazi mwaka ule. Atelie zilizoanza na maelfu machache zilipita watu 100,000 kabla ya mwezi wa sita.

Mkulima aanza kumchukia mfanyakazi

Feza za kulipa watu wote hao zingetoka wapi? Mwezi wa tatu serikali iliongeza kodi: kwa kila faranga moja ya kodi za moja kwa moja, mtu aliongezewa sentimu 45. Mzigo huo ulianguka hasa juu ya wenye mashamba, hata wale wadogo. Mkulima wa kijiji cha mbali, ambaye naye alikuwa ametoka katika miaka ya mavuno mabaya, aliambiwa kwamba jasho lake linakwenda kuwalisha watu wa Paris wanaokaa bure. Alikasirika, na si ajabu.

Hapa tuangalie vizuri. Mkulima na mfanyakazi wote wawili walikuwa maskini, na wote wawili walikuwa wamenyimwa kura na mfalme yuleyule. Lakini kwa miezi miwili tu walifanywa kuwa maadui, kwa sababu msaada wa mmoja ulitolewa mfukoni mwa mwingine na hakuna aliyewaeleza wala kuwakutanisha.

Siku ya Pasaka, tarehe 23 mwezi wa nne, nchi nzima ilipiga kura. Vijiji vilikuwa vingi kuliko miji, na Bunge lililotoka lilijaa watu walioogopa wafanyakazi wa Paris. Tarehe 15 mwezi wa tano umati uliingia kwa nguvu ndani ya Bunge. Kosa hilo liliwagharimu sana: viongozi wao wengi wanaojulikana, akiwamo Albert, walifungwa. Tangu siku ile wabunge waliwaona wafanyakazi kuwa hatari, nao wafanyakazi walibaki bila watu wa kuwasemea.

Jibu la ukali

Mwishoni mwa mwezi wa tano Émile Thomas alikamatwa kwa siri na kupelekwa Bordeaux, mbali na Paris. Alikuwa mtu ambaye watu wa Atelie walimzoea na kumsikiliza. Katika Bunge, mbunge Falloux, Mkatoliki mcha dini na mwenye kupenda ufalme, ndiye aliyesukuma sana Atelie zifungwe.

Tarehe 22 mwezi wa sita amri ilitokea katika gazeti la serikali. Vijana wa Atelie wasiooa, wenye miaka 18 mpaka 25, waingie jeshini. Wengine wajiandae kupelekwa majimboni, kwa mfano Sologne, inchi ya mabwawa na homa, kukausha maji. Anayekataa, hana malipo tena. Watu zaidi ya 100,000, pamoja na wake na watoto wao, walisoma katika karatasi moja kwamba maisha yao mjini yamekwisha.

Siku hiyo wajumbe wa wafanyakazi, wakiongozwa na Louis Pujol, walikwenda kumwona Marie. Jibu lake, kama lilivyosimuliwa, lilikuwa kwamba wasiotaka kuondoka kwa hiari wataondolewa kwa nguvu.

Msomaji wa Biblia hapo atamkumbuka Rehoboamu katika 1 Wafalme 12. Watu walimwendea kwa amani, wakiomba nira ipunguzwe. Wazee walimshauri awajibu kwa upole. Yeye akachagua maneno ya ukali, na kabla ya siku nyingi msimamizi wa kazi za shokoa alipigwa mawe akafa, na ufalme ukapasuka vipande viwili. Huko Paris pia, usiku ulipoingia, watu walikusanyika mbele ya Panthéon. Asubuhi ya tarehe 23 walikutana Bastille, wakapiga magoti kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya uhuru, kisha wakaondoka kwenda kujenga barikadi.

Siku nne

Barikadi ni ukuta unaofunga njia: mawe yaliyong'olewa barabarani, magari ya farasi yaliyopinduliwa, mbao, mapipa, vitanda. Siku ya kwanza zilisimama mamia katika nusu ya mashariki ya mji, ambako maskini waliishi: Saint-Antoine penye maseremala, Temple, Saint-Marceau, na njia nyembamba zinazozunguka Panthéon. Upande wa magharibi, penye nyumba za wenye mali, ulibaki mikononi mwa serikali. Ilikuwa kama mstari umechorwa katikati ya mji.

Arago, yule mwanasayansi mzee, alikwenda mwenyewe mbele ya barikadi moja karibu na Panthéon. Alikuwa mtu wa Jamhuri tangu ujana wake, na watu walimheshimu. Aliwauliza kwa nini wanaipigania njia kinyume cha serikali yao. Jibu lililosimuliwa baadaye ni hili: «Bwana Arago, wewe hujapata kuwa na njaa.» Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama ni mtu mwema. Arago aliondoka, na mizinga ikaanza.

Tarehe 24 Bunge lilimpa jenerali Cavaignac mamlaka yote. Yeye na majenerali wengine waliokuwa chini yake, kama Lamoricière, Bedeau na Négrier, walikuwa wamepata sifa zao Algeria, katika vita vya kuwashinda Waafrika wa kaskazini na kuchukua inchi yao. Sasa walielekeza mizinga katika vitongoji vya mji wao wenyewe. Walinzi wa kiraia kutoka majimboni walipanda treni kwenda Paris kusaidia jeshi. Wengi walikuwa watu wa mijini midogo na vijijini walioamini kwamba wanakwenda kuwafundisha adabu wavivu waliokula kodi yao.

Maovu yalifanyika pande zote mbili. Jenerali Bréa alikwenda kuzungumza na watu wa barikadi ya Fontainebleau. Walimkamata, wakamuua pamoja na msaidizi wake. Kwa upande mwingine, wafanyakazi waliojisalimisha walipigwa risasi, na mamia ya wafungwa walisongamanishwa katika handaki lililo chini ya bustani ya Tuileries. Tarehe 26 asubuhi kitongoji cha Saint-Antoine, cha mwisho kusimama, kilianguka.

Upande wa serikali walikufa mamia ya watu, pamoja na majenerali kadhaa. Upande wa wafanyakazi waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Watu zaidi ya 11,000 walikamatwa, na zaidi ya 4,000 wakahukumiwa kupelekwa nje ya nchi.

Watoto wa maskini wawapiga maskini

Kuna jambo moja lililowashangaza watu wa wakati ule. Waliopigana kwa ukali zaidi upande wa serikali hawakuwa wana wa matajiri. Walikuwa vijana wa Garde mobile, kikosi kipya kilichoundwa mwezi wa pili kwa kuwachukua vijana wa Paris wasio na kazi. Walilipwa faranga moja na nusu kwa siku. Wengine hawakufika miaka 18. Viongozi wengi waliogopa kwamba vijana hao watajiunga na ndugu zao kwenye barikadi. Haikuwa hivyo.

Karl Marx alieleza kwamba vijana hao walikuwa wahuni na wezi wa mitaani, si wafanyakazi wa kweli. Lakini katika karne ya 20 mtafiti wa Marekani, Mark Traugott, alichunguza orodha zao na kulinganisha fundi zao na za waliokamatwa kwenye barikadi. Aliona kwamba walifanana. Maseremala, waashi, wafua chuma na washonaji walikuwa huku na huku. Tofauti ilikuwa kidogo katika umri, kwa kuwa walinzi walikuwa vijana zaidi, na kubwa katika jambo lingine: nani aliyewashika mkono tangu mwezi wa pili.

Vijana wa Garde mobile waliwekwa kambini, wakapewa sare, wakubwa wa kuwafuata, chakula na jina. Watu wa Atelie walipewa faranga moja ya kukaa bure, kisha kiongozi wao akaondolewa, kisha wakaambiwa watoke. Wote walitoka mtaa mmoja, pengine nyumba moja. Miezi minne ilitosha kuwaweka kila mmoja upande wake wa bunduki.

Wazazi na viongozi wa vijana wanaweza kukaa juu ya habari hii kwa muda mrefu. Kijana asiye na kazi hachagui daima kwa mawazo yake. Mara nyingi humfuata yule aliyefika kwanza kumwita kwa jina.

Askofu mkuu mbele ya barikadi

Denis Affre alikuwa askofu mkuu Mkatoliki wa Paris tangu mwaka 1840. Si mtu wa jumuiya zetu za Kiprotestanti, lakini alichokifanya ni haki ya Wakristo wote kukisimulia.

Jumapili tarehe 25, siku ya tatu ya vita, mwalimu Frédéric Ozanam na rafiki zake wawili walimwendea. Ozanam alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha mwaka 1833 Chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo, cha kuwatembelea maskini nyumbani mwao. Walimwomba askofu ajaribu kusimama katikati. Affre alikubali. Alikwenda kwanza kwa Cavaignac kuomba ruhusa. Cavaignac alimwonya kwamba hatari ni kubwa. Affre alijibu kwa kutaja maneno ya Bwana Yesu katika Yohana 10, juu ya mchungaji mwema na kondoo wake.

Jioni alifika Bastille, mbele ya barikadi ya Saint-Antoine. Risasi zilinyamaza kidogo. Mbele yake alitembea mtu aliyebeba tawi bichi kuwa alama ya amani. Askofu alivuka barikadi, akaanza kusema na watu. Ghafla risasi ilisikika, pande zote zikaanza tena kufyatua, naye akaanguka, amepigwa kiunoni. Haikujulikana nani alimpiga. Wafanyakazi wenyewe walimbeba na kumpeleka nyumbani mwa padri wa hapo, wengine wakilia na kuapa kwamba si wao. Aliomba damu yake iwe ya mwisho kumwagika. Alikufa tarehe 27.

Damu yake haikuwa ya mwisho. Vita vilikwisha kwa mizinga, si kwa maneno yake. Tunamheshimu Affre kwa ujasiri wake, lakini habari yake inatuachia pia swali gumu. Alifika siku ya tatu. Saa ambayo mtu wa Mungu angeweza kusikilizwa zaidi ilikuwa mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wakati watu waliposimama mstarini kupokea faranga moja, na wakati mkulima alipoandikiwa sentimu 45. Hata tarehe 22, wajumbe walipotoka kwa Marie wakiwa wamekata tamaa, saa ilikuwa bado ipo.

Wala hatuwezi kusema kwamba Wakristo hawakuwamo ndani ya nyumba ambamo uamuzi ulifanywa. Falloux alikuwamo. Mchungaji Mprotestanti wa Paris, Athanase Coquerel, naye alikuwa mbunge wa Bunge lile, amechaguliwa mwezi wa nne.

Yaliyofuata

Mwanzoni mwa mwezi wa saba Atelie za Taifa zilifungwa rasmi. Sheria iliyopunguza saa za kazi mpaka 10 kwa siku mjini Paris iliondolewa, zikawa 12. Katika katiba ya mwezi wa kumi na moja, haki ya kazi haikupata nafasi yake. Kulibaki maneno ya msaada tu. Bunge lilitoa faranga milioni 50 ili maelfu ya watu wa Paris wahamishiwe Algeria na kupewa mashamba huko. Hivyo tatizo la maskini wa Ulaya lilivukishwa bahari na kuwekwa juu ya inchi ya Waafrika.

Jamhuri yenyewe haikupona. Mwezi wa kumi na mbili watu walipochagua rais, Cavaignac alipata kura karibu milioni moja na nusu. Louis-Napoléon Bonaparte, mpwa wa Napoléon wa kwanza, alipata zaidi ya milioni 5. Wakulima wengi walimpigia, na wafanyakazi wengi vilevile: nani angempigia kura mtu aliyewaelekezea mizinga? Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1851 Bonaparte alivunja Bunge kwa nguvu za jeshi, na mwaka uliofuata akajiita mfalme mkuu. Wafanyakazi, ambao Jamhuri iliwapiga mwaka 1848, wachache tu walitoka kuitetea.

Hata kwa Kanisa deni lilibaki. Baada ya siku zile viongozi wengi wa Kikatoliki walijiunga waziwazi na upande wa wenye mali, na katika mitaa ya mashariki watu waliacha kuliona Kanisa kuwa lao. Mwaka 1871, katika vita vingine vya wenyewe kwa wenyewe mjini Paris, askofu mkuu Darboy alishikwa na wafanyakazi wenye silaha na kupigwa risasi. Mwaka 1848 walimlilia askofu. Miaka 23 baadaye walimuua.

Waliochagua kuanza mapema

Lakini wako walioelewa. Ozanam, baada ya vita, aliandika katika gazeti la *L'Ère nouvelle* habari za umaskini wa mitaa aliyoitembelea, akiwasihi mapadri na matajiri wasidhani kwamba amani imerudi kwa sababu bunduki zimenyamaza.

Upande wa Waprotestanti, mwezi wa tisa mwaka uleule, wakuu wa makanisa ya Ujerumani walikutana Wittenberg, katika kanisa lenye kaburi la Martin Luther. Berlin nao ulikuwa umeona damu mwezi wa tatu. Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akiwalea watoto waliotupwa huko Hamburg tangu mwaka 1833, alisimama tarehe 22 na kuwaambia wenzake kwamba upendo ni wa Kanisa sawasawa na imani. Kanisa linalotuma wamisionari mbali, alisema, lisiwapite maskini wanaoishi mlangoni pake. Kutokana na siku ile kazi ya misioni ya ndani iliunganishwa katika nchi nzima: nyumba za watoto, kutembelea wafungwa, kuwatunza wagonjwa, kufundisha vijana kazi. Idara za diakonia tulizo nazo leo katika makanisa yetu zina mzizi wake mmoja pale.

Yakobo 5:4 inasema juu ya ujira uliozuiliwa, na jinsi kilio cha wavunaji kinavyomfikia Bwana. Kumbukumbu 24:14-15 inaagiza kibarua alipwe kabla ya jua kuchwa, kwa sababu moyo wake unautegemea ujira huo. Maandiko hayo hayangojei barikadi. Yanasema juu ya jioni ya kila siku, wakati kibarua bado anangoja kwa utulivu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Ni ahadi zipi ambazo sisi wenyewe, kama kanisa, familia au waajiri, tumezitoa kwa haraka na watu bado wanazingoja?
2. Mkulima na mfanyakazi wa Ufaransa walifanywa maadui bila kukutanishwa. Ni watu gani maskini kwetu wanaolaumiana hivyo, na nani angeweza kuwaketisha pamoja?
3. Ni nani anayewaita kwa jina vijana wasio na kazi katika mtaa wetu? Je, kanisa ni la kwanza kufika, au la mwisho?
4. Affre alikuwa na ujasiri wa kuvuka barikadi. Ni ujasiri wa namna gani unaohitajika miezi mitatu kabla ya barikadi kusimama?

Tuwaombee walioketi mahali pa kuamua, ili wajifunze kuwasikiliza wajumbe wanapokuja mikono mitupu.